Mwenye Korona Ndiye Mwenye Shamba

Kila mwaka, bajeti ya Wizara ya Kilimo inaposomwa Bungeni Dodoma, huzuka upya ubishi baina ya watu wa rai mbili: wale wasemao kwamba nchi haitapata fedha za kigeni ila kwa mashamba makubwa yenye mtaji, mitambo na wataalamu, na wale wasemao kwamba mashamba hayo ni mabaki ya dhuluma ya kale, na kwamba ardhi yote yafaa aachiwe mkulima mdogo na jembe lake. Ubishi huu una wasemaji hodari wa pande zote mbili, walakini aghalabu huendeshwa kwa hesabu ya eka tu, kana kwamba mtu mwenye eka elfu tano za mkonge Korogwe na mtu mwenye eka elfu tano za ngano Hanang' wanafanya kazi moja, maadamu wote wawili hawawezi kulizunguka shamba lao kwa miguu kabla ya adhuhuri. Hawafanyi kazi moja, wala hawana shida moja, wala watu wanaowafanyia kazi hawaishi maisha ya namna moja; na yeyote atakaye kutoa hukumu ya insafu juu ya jambo hili hana budi kwanza kuuliza ni kitu gani hasa kilifanyacho shamba la mkonge, la chai au la miwa kuwa jinsi lilivyo.

Mwenye ngano hupanda leo na kuvuna baada ya miezi michache, na mvua ikimwendea vibaya mwaka huu aweza mwakani kupanda shayiri au maharage. Mavuno yake ni makavu, huwekwa ghalani yakasubiri bei, na kazi yake yote hufanywa na madereva wachache wa matrekta ambao jioni hurudi makwao. Mwenye ng'ombe wa maziwa, au mkulima wa Lushoto apelekaye kabichi na karoti soko la Dar es Salaam, hali kadhalika: analima kwa biashara, tena biashara ya haraka, lakini zao lake laweza kubadilishwa na mnunuzi wake aweza kuachwa. Shamba la mkonge halina uhuru huo. Lina zao moja likaalo ardhini kwa miaka, lina umati wa vibarua waishio kambini mle mle, mauzo yake yote huvuka bahari, na katikati yake kimesimama kiwanda. Hiki kiwanda ndicho kilichoyazaa yale mengine yote.

Na asiyeamini na aende akasimame pembeni ya korona, ile mashine ya kiwandani ya kuchakata mkonge, siku inapofanya kazi. Majani ya mkonge, marefu kupita mkono wa mtu, hufika yamefungwa matita, yakafunguliwa na kulazwa ubavu kwa ubavu juu ya meza. Mnyororo huyakamata katikati na kuyapeleka kwenye ngoma ya chuma yenye mapanga butu, ambayo huuparura upande mmoja wa jani na kisha upande wa pili, huku maji yakimwagwa bila kukoma, na mtaroni ukitiririka uji wa kijani wenye harufu kali ambayo mgeni huikunjia uso na mwenyeji haisikii tena. Upande wa pili hutoka singa, mbichi bado na zenye rangi ya kijani kibichi hafifu, zikaanikwa kwenye nyaya mpaka zikawa nyeupe. Kisha hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja, na kushindiliwa marobota ya kilo 250. Katika uzito wa jani lililoingia, singa zilizotoka ni kama sehemu nne katika mia, na zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Maana yake ni kwamba kulichukua jani mbali ni kuchukua maji mbali, na kulichelewesha ni kuziharibu singa zake, kwani utomvu ukikauka ndani ya jani mapanga hayawezi tena kuzisafisha. Kwa hiyo majani yawe karibu, yawe mengi, na yafike kila siku, mwaka mzima, kwa sababu mashine yenyewe ni ghali na ikilala siku moja hula mtaji wa mwenyewe. Ukubwa wa shamba, basi, haukupimwa kwa tamaa ya ardhi peke yake, ijapokuwa tamaa nayo ilikuwapo. Ulipimwa kwa kadiri ya majani ambayo korona yaweza kuyameza.

Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyowasili hai Tanga ikawa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo ndipo ujenzi wa reli ya kutoka Tanga kwenda bara ulipoanza. Sisemi kuwa reli ilijengwa kwa ajili ya ile miche; nasema kwamba kizazi kimoja baadaye ilikuwa vigumu kwa msafiri wa reli hiyo kutazama nje ya dirisha asione mkonge, na kwamba Tanganyika ikaja kuongoza ulimwengu mzima kwa zao ambalo mbegu yake yote ingaliweza kubebwa na punda mmoja.

Lakini korona haikati majani. Majani hukatwa na watu, na hapo ndipo shamba la namna hii linapoachana kabisa na mashamba mengine ya biashara. Wazigua, Wabondei na Wasambaa waliokuwa wakiishi karibu walikuwa na mashamba yao ya mahindi, mihogo na migomba, na mtu mwenye chakula chake nyumbani huenda kazini siku atakayo na kurudi siku atakayo, jambo ambalo mashine isiyolala haiwezi kulistahimili. Akatafutwa basi mtu wa mbali, kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Ruanda-Urundi na hata ng'ambo ya Ruvuma, ambaye kodi ya kichwa ilimsukuma kutoka kwao na umbali ulimzuia kurudi upesi. Akapewa namba, ndiyo sababu wakaitwa manamba, na akapewa kipande cha siku thelathini, ambacho siku zake hazikuhesabiwa kwa kalenda bali kwa kazi iliyokamilika, hata mwezi wake wa ujira ukawa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda idara yao maalumu ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, yenye kambi na magari ya kuwasafirisha watu hao kutoka mikoani; na watu wa Tanga hadi leo, ukiwauliza asili zao, watakutajia makabila ambayo ramani huyaweka mwendo wa wiki kadhaa kutoka Muheza. Mji wa Tanga umepata utamu wa mchanganyiko wake kutokana na uchungu wa watu hao, nami ni mmoja wa wanaoupenda mji ule, basi sina haki ya kulisema jambo hili kwa wepesi.

Hata hivyo, mtu aweza kusimama hapo na kutoa hujja hii: kwamba yote hayo yalikuwa lazima ya ufundi, kwamba mashine ndiyo iliyodai eka, eka zikadai watu, na watu wakadai kambi, wala hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Hujja hii ingekuwa na nguvu kama historia ya pwani yetu isingaliijibu. Karafuu haihitaji korona. Huchumwa kwa mkono juu ya mti, huchambuliwa makonyo yake kwa vidole, tena kazi hiyo hufanywa barazani na watu wa nyumba nzima wakizungumza, na huanikwa kwenye jamvi kwa siku chache za jua mpaka igeuke rangi ya kahawia na kukatika kwa sauti kidogo inapovunjwa; ikishakauka huweza kukaa miaka. Hakuna zao la biashara linalomfaa mwenye miti ishirini zaidi ya hilo. Na pamoja na hayo, Unguja ya Seyyid Said ililima karafuu katika mashamba makubwa, kwa mikono ya watumwa, hata kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha miti ya Unguja na kuiacha ya Pemba, sehemu kubwa ya karafuu ya dola ikahama na kuvuka mkondo wa bahari. Malindi nako, katika karne hiyo hiyo, mtama na ufuta vililimwa na watumwa katika mashamba mapana na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni. Na mtama, kila mtu ajua, waweza kupandwa na bibi kizee nyuma ya jiko lake. Hapo hapakuwa na mashine ya kudai chochote. Palikuwa na nguvu ya mtu juu ya mtu, na nguvu ilipokuwapo shamba kubwa liliota popote, lilihitajiwa na zao au halikuhitajiwa.

Sheria ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa Unguja na Pemba, wenye mashamba wengi walilia kwamba karafuu imekwisha. Haikwisha. Waliokuwa watumwa, na wenyeji, na wageni kutoka bara, waliendelea kuchuma kwa malipo ya pishi, na Pemba wakulima wa miti yao wenyewe wakazidi kuongezeka. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1964, ardhi ikatwaliwa na Serikali, na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Kwa mtazamo wa wale wanaohesabu eka, hapo mjadala ulikuwa umekwisha na mkulima mdogo amekwisha kushinda. Lakini mnunuzi alibaki mmoja tu, ndiye Serikali yenyewe, na katika miaka ambayo karafuu iliuzwa ghali mno ng'ambo, mwenye eka tatu alipewa sehemu ndogo ya bei hiyo, na wengine wakaona afadhali kuvusha magunia usiku kwenda Mombasa na roho zao mkononi. Shamba liligawanywa, mlango wa kutokea mavuno haukugawanywa. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asidhani kuwa ninawapigia debe wagawa ardhi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko mbali zaidi kwenye reli ile ile ya Tanga. Kilimanjaro, walowezi walilima kahawa katika mashamba yao ya tambarare na ya chini ya mlima, na Wachagga walilima kahawa hiyo hiyo katika vihamba, yaani mashamba yazungukayo nyumba zao, chini ya kivuli cha migomba, wakitumia mashine ndogo ya kumenyea izungushwayo kwa mkono na kuianika nyuma ya nyumba. Walowezi waliona hatari iliyowajia, wakaiambia Serikali kwamba kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa ya miti na itaharibu jina la kahawa ya nchi. Ilikuwa hoja ya usafi, ambayo chini yake ilikuwako hoja nyingine isiyosemwa, kwamba mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hatakuja kuchuma ya jirani. Wachagga walijibu kwa kuunda chama chao mwaka 1925, kilichoongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, muungano wa ushirika uliokusanya kahawa ya maelfu ya vihamba na kuiuza kwa mkono mmoja. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, hoja ya walowezi ilishinda kwa muda mrefu zaidi: ukiacha majaribio machache ya miaka ya 1930 huko Meru, Embu na Kisii, Mwafrika hakuruhusiwa kwa mapana kupanda kahawa ya arabika mpaka mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mlima ule hauna udongo mmoja upande huu na mwingine upande wa pili wa kuweza kueleza tofauti hiyo.

Mtu aweza kuniambia kwamba kahawa ni rahisi, kwani ikishamenywa na kukaushwa hungoja, na kwamba nimechagua zao linaloniunga mkono. Ni kweli. Basi na tuchukue chai, zao gumu kuliko yote, ambalo mabingwa wa zamani walisema halitalimwa kamwe na mtu mwenye eka moja. Jani la chai likishachumwa huanza kubadilika pale pale kikapuni. Likifungwa kwa kubanwa hupata moto, likilala usiku kucha limeharibika, na kiwanda chake hugharimu fedha ambazo kijiji kizima hakiwezi kuzikusanya. Ndiyo maana chai ya Kericho ilipandwa na makampuni makubwa katika nchi waliyoondoshwa Wakipsigis na Watalai, ikichumwa na vibarua waishio katika mistari ya nyumba za kampuni, kwa mpango ule ule wa mkonge ila majani tu ndiyo yaliyobadilika.

Walakini mwaka 1957 kilifunguliwa kiwanda cha Ragati, Nyeri, kwa ajili ya chai ya wakulima wadogo. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikageuzwa kuwa mamlaka ya kuendeleza chai, KTDA. Siri ya mpango huo haikuwa ya kilimo kabisa. Mtu alibaki na eka yake na migomba yake na ng'ombe wake, akapanda chai katika sehemu tu ya ardhi. Mamlaka ikatoa miche, ikajenga viwanda na barabara za kuvifikia, na ikaweka vibanda vya kukusanyia majani karibu na nyumba za watu, hata mama aliyechuma tangu alfajiri aliweza kufika kituoni na kikapu chake, akaketi na wenzake mpaka lori lifike. Hapo karani humwaga majani mezani, huyapekua, na kulitupa nje kila jani pana lililozidi, kwani sheria ni majani mawili na chipukizi. Kisha hupima na kuandika. Leo wakulima hao ni zaidi ya laki tano, hutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya, na chai yao katika mnada wa Mombasa mara nyingi hupata bei bora kuliko ile ya mashamba makubwa, kwa sababu mama achumaye vyake huchagua, na mashine ya kampuni hunyoa. Mashine hizo hizo, kwa kuwanyima watu ajira, ziliteketezwa kwa moto Kericho mwaka 2023, jambo lisiloweza kusifiwa, lakini ni vigumu kumwona mkulima wa Nyeri akiichoma mashine ya kuchumia katika eka yake mwenyewe.

Basi lile lililodaiwa kuwa ni lazima ya zao lilikuwa, kumbe, ni lazima ya kiwanda. Na kiwanda chaweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye shamba, au wenye mashamba wengi wadogo waweza kuwa ndio wenye kiwanda, kama ilivyokuja kuwa kwa wakulima wa KTDA waliopata hisa za viwanda vyao. Hilo ndilo ninalotaka wabunge wetu wabishanie.

Sitaki kulikashifu shamba kubwa kwa yale lisiyoyastahili. Kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, wilayani Muheza, ambacho kilitoa ile mbegu chotara namba 11648 inayopandwa hata leo kwa wingi wa majani yake, kilitunzwa na fedha za wenye mashamba makubwa, na hakuna mkulima wa eka mbili ambaye angalisubiri miaka mingi ya kuoanisha mimea ili apate mche mmoja. Kibarua wa shamba zuri hupata ijara yake mwisho wa mwezi hata kama bei ya London imeanguka. Mwenye shamba ndiye abebaye hasara hiyo, angalau mpaka siku atakapofunga. Na katika vyama vya ushirika, ambavyo baadhi yetu tumezoea kuvitaja kana kwamba ni vya malaika, kumekuwa na mizani iliyochezewa, malipo yaliyochelewa misimu miwili, na viongozi waliojenga nyumba za ghorofa kwa pamba ya watu. Ila tiba iliyotolewa mwaka 1976, ya kuviua vyama vikuu vyote kwa amri moja, ilikuwa mbaya kuliko maradhi, na Serikali yenyewe ilikiri hivyo ilipovirudisha kwa sheria ya mwaka 1982.

Kadhalika ukubwa bila kiwanda wala zao la kufaa umekwisha kupimwa katika nchi hii, na matokeo yake ni maarufu. Mpango wa Karanga wa Kongwa, ulioanza 1947 kwa nia ya kulima zaidi ya eka milioni tatu, uliletewa matrekta na vifaru vilivyogeuzwa vya kung'olea mibuyu, ukatumia kiasi cha pauni milioni 36 za watu wa Uingereza, na mwaka 1951 ukaachwa, baada ya udongo wa Ugogo kukauka mgumu kama saruji na karanga kukataa kung'oka. Wagogo waliokaa pale wangaliweza kuwaeleza habari ya mvua ya nchi yao bila malipo.

Lililo zito zaidi katika mizani, kwa maoni yangu, ni habari ya siku mbaya. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaporomoka, mwaka 1967 Serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba baada ya Azimio la Arusha na kuyaendesha kwa taratibu zilizoongeza ugonjwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa kiasi cha tani 20,000. Pita Hale, pita Ngombezi, utazame majengo. Korona ikisimama hakuna kinachobaki cha kufanya: mwenye shamba hawezi kula mkonge, wala kibarua, ambaye hakuwa na ardhi ya kulima chakula isipokuwa vipande alivyopewa kwa hisani, na ambaye wajukuu zake wamezaliwa kambini na hawaijui njia ya Songea. Kahawa ya Kilimanjaro nayo iliporomoka, tena vibaya, na wengi wameing'oa. Lakini mtu wa kihamba alikula ndizi zake, akanunua ng'ombe wa maziwa, akapanda nyanya mahali palipokuwa na kahawa, akampeleka mtoto shule kwa mashaka, na hakuna aliyemwambia ahame nyumba kwa sababu New York imekataa kununua.

Na sasa tumeingia katika zama za mkulima wa nje, yule mwenye ardhi yake lakini auzaye kwa kiwanda kimoja kilicho jirani. Na mashabiki wa rai zote mbili wamemfurahia, kila upande ukidhani ameletwa na wao. Mimi simfurahii bado. Wakulima wa miwa wa Mumias, magharibi mwa Kenya, walikuwa na ardhi na hati zake, na kiwanda chao kilipozorota na hatimaye kuwekwa mikononi mwa wadai mwaka 2019, hati zile hazikukamua mua hata mmoja. Kiwanda cha chai cha Mponde, katika milima ya Bumbuli, kilipofungwa kwa ugomvi mwaka 2013, wakulima walibaki na mashamba yao kamili, na chai isiyochumwa haikai ikimngoja mtu: huinuka, hukomaa, na baada ya miaka michache mwenye shamba anakuwa mwenye msitu. Katika bonde la Kilombero mua ukishachomwa moto tayari kwa kukatwa, sukari iliyomo huanza kupungua siku hiyo hiyo, na mwenye mua husimama barabarani na lori lake akiomba zamu. Akifika, uzito husomwa na mizani ya kiwanda, na kiasi cha sukari hupimwa katika maabara ya kiwanda, naye huletewa karatasi. Yawezekana kila tarakimu katika karatasi hiyo ni ya haki. Lakini haki ambayo mmoja tu wa watu wawili aweza kuiona, yule mwingine hana njia ya kuijua isipokuwa kwa kuamini. Korogwe, ambako tangu mwisho wa miaka ya 1990 wakulima wadogo walipewa vitalu vya baadhi ya mashamba ya zamani ya mkonge, ubishi mkubwa haujawa juu ya udongo wala mvua. Umekuwa juu ya makato, gharama za kuchakata, na zamu ya korona.

Ninaposikia basi kwamba Serikali inafungua mashamba ya pamoja kwa vijana Dodoma, au kwamba mwekezaji fulani ameomba ardhi ili alime na kuwanunulia majirani, maswali yangu si ya eka. Nauliza ni nani atakayesimama kwenye mizani. Nauliza kama chama cha wakulima kitakuwa na mtaalamu wake ndani ya maabara, anayelipwa nao na si na kiwanda, mwenye haki ya kuchukua sampuli ya pili na kuipeleka kwingine. Nauliza kama mkataba unawapa wakulima hisa za kiwanda tangu mwaka wa kwanza, hisa ziongezekazo kwa kila tani wanayoileta, badala ya ahadi ya kuwauzia siku ambayo mwekezaji atakuwa amechoka na mitambo imekwisha kuchakaa. Nauliza kama mtu ataruhusiwa, na kushauriwa, kuacha sehemu ya ardhi yake kwa chakula na mifugo, kama walivyofanya wakulima wa chai wa Nyeri, au atalazimishwa kujaza zao moja hadi mlangoni. Na nauliza mkataba unasema nini juu ya siku kiwanda kitakaposhindwa: kama mitambo itauzwa kwa vipande na benki, au wakulima watakuwa wa kwanza kupewa nafasi ya kuichukua, kwa muda wa kutosha na mkopo wa masharti nafuu, kabla majani hayajawa miti. Mikataba ya namna hii hutiwa saini wizarani, aghalabu kwa Kiingereza, na nakala yake haibandikwi katika ofisi ya kijiji. Mbunge yeyote wa majimbo ya miwa, chai au mkonge aweza kuomba isomwe kwa Kiswahili mbele ya wanaohusika kabla ya kalamu kushikwa, na kikao cha bajeti ni mahali pazuri pa kuanzia.